Kukalisha Injini Ngeni: Somo kutoka Karakana za Jua Kali, Kitale

Utangulizi

Msomaji wa jarida hili huenda akashangaa kukuta injini mahali alipozoea kukuta riwaya, ushairi na ngeli za nomino. Sina budi kueleza sababu. Nililelewa Kibomet, viungani mwa mji wa Kitale, katika nchi ya mahindi ambako gari kuukuu halitupwi mpaka mafundi wote wamelikatia tamaa. Letu lilikuwa Land Rover ya Series III, ile ndefu ya inchi 109. Injini yake ilipochoka, ilitolewa na mahali pake pakatiwa dizeli ya Toyota aina ya 3L pamoja na giaboksi yake, nasi tukakubali kupoteza uwezo wa kuendesha magurudumu ya mbele. Majuma machache baadaye gari lilianza kutetemeka, na hatimaye krosi ya nyuma ya propela ikakatika tukitoka soko la Chwele na mzigo. Karo yangu ya muhula ilitegemea safari hizo.

Fundi wa kwanza, ambaye sitamtaja, hakuwa mvivu. Vyuma alivyochomelea vilikuwa imara ajabu. Kosa lake lilikuwa la mpangilio: alitengeneza vikalio kwanza, kisha akailazimisha injini ivifuate. Fundi wa pili alivikata vyote, akaanza upya, naye alieleza kila hatua huku akifanya kazi. Makala haya yanakusudia kuweka maelezo hayo katika maandishi. Ujuzi wa jua kali, sekta iliyomulikwa na ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya mwaka wa 1972, hurithishwa zaidi kwa mdomo na kwa mkono. Sisi tunaosoma fasihi simulizi tunajua hatari ya elimu ya namna hiyo isipopata mwandishi.

Mahali kwanza, vikalio baadaye

Vikalio ni vile vipande vya chuma na mpira vinavyoishika injini kwenye chesisi. Mafundi huviita mauntingi. Kanuni ya msingi ni kwamba injini hutafutiwa mahali pake ikiwa bado inaning'inia kwenye winchi au imelazwa juu ya magogo. Mahali pakishajulikana, vikalio hutengenezwa kuziba nafasi iliyobaki kati ya injini na chesisi.

Kabla ya kupima chochote, mambo mawili hutimizwa. Kwanza, injini na giaboksi hufungwa pamoja, zikiwa na klachi, stata, jenereta, chujio la oili na bomba la ekzosi. Kikalio kinachopita mahali pa stata ni kazi bure. Pili, gari husimama kwa magurudumu yake kwenye sakafu iliyosawazishwa. Likiinuliwa kwa chesisi, ekseli huning'inia, na kila pembe itakayopimwa hapo itakuwa ya uongo.

Baada ya hayo, injini husogezwa katika pande tatu. Kwa kimo, sampu ya oili isiguse ekseli ya mbele hata gari linapoingia shimoni na springi kubonyea. Wala injini isipande hadi ikazuia boneti kufungwa. Kwa urefu wa gari, feni ipate nafasi nyuma ya rejeta, mkono wenye spana upenye nyuma ya injini, na gia itokeze mahali dereva anapoifikia. Kwa upana, injini si lazima ikae katikati kabisa. Inaweza kusogezwa kando ili kuepuka usukani au pedeli, mradi isipinde.

Pembe ya propela

Hapa ndipo gari letu lilipoharibikia. Difu ya nyuma ya Land Rover za Series haiko katikati ya ekseli. Iko upande wa kulia. Giaboksi ya Toyota, kwa upande wake, hutokezea katikati. Fundi wa kwanza alipoona hivyo, aliigeuza injini nzima kidogo ili mkia wa giaboksi uitazame difu. Kwa jicho, jambo hilo linapendeza: mstari umenyooka. Kwa krosi ni balaa.

Krosi iliyopinda haizungushi propela kwa mwendo mmoja. Katika kila mzunguko huiharakisha mara mbili na kuichelewesha mara mbili. Propela ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mtikisiko huo hutokea mara 100 kwa sekunde. Dawa yake ni krosi ya pili iliyopinda kwa pembe iliyo sawa na ya kwanza, ili kile kinachoharakishwa na moja kirudishwe na nyingine. Giaboksi ikiielekea difu moja kwa moja, krosi ya mbele hubaki bila pembe na ya nyuma hubeba pembe yote. Hapana wa kuisaidia.

Kwa hiyo kanuni ni hii: mhimili wa giaboksi na mhimili wa difu uwe sambamba, ukitazamwa kutoka ubavuni na ukitazamwa kutoka juu. Usiielekeze injini kwenye difu. Ilaze sambamba nayo. Fundi wa pili aliisogeza injini yetu upande wa kulia kadiri pedeli zilivyoruhusu, akainamisha mkia wa giaboksi kidogo, kisha akapima nyuzi kwenye mkia wa giaboksi na kwenye uso wa difu mpaka zikalingana. Pembe ya krosi iwe ndogo, lakini isiwe sufuri, kwa maana vijiti vya beringi visipobingirika huchimba mahali pamoja. Vilevile, uma za ncha mbili za propela zilale katika mlalo mmoja.

Kutengeneza vikalio

Injini ikishatulia, vikalio viwili hupimwa ubavuni mwake na kimoja chini ya giaboksi. Kwanza hufanywa vielelezo vya kadibodi, kisha chuma hukatwa. Mipira hufungwa mahali pake, na vyuma hushikizwa kwa nukta chache tu za kuchomelea. Vipimo vyote hurudiwa. Baadaye injini hutolewa ndipo vyuma vichomelewe kikamilifu, kwa kuwa joto la kuchomelea huharibu mpira. Mipira hubonyea kidogo inapobeba uzito, nayo injini hutikisika inapovuta mzigo. Basi nafasi iachwe kuizunguka, hasa karibu na usukani na mabomba ya breki. Kazi ikiisha, nambari ya injini mpya huandikishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012.

Hitimisho

Mwanafunzi wa Kiswahili atakuwa ametambua jambo moja. Nomino nyingi za karakana ni za mkopo: giaboksi, propela, sampu, krosi. Lakini vitenzi ni vyetu: kukalisha, kulaza, kuinamisha, kusogeza, kushikiza, kubonyea. Katika kazi hii, ujuzi umo ndani ya vitenzi. Mtu anaweza kujua jina la kila chuma na bado akailekeza injini kwenye difu. Tunapokusanya istilahi za ufundi, tusiishie kwenye orodha ya majina ya vipuri. Tuandike pia namna fundi anavyovitendea kazi, kwa maneno yake.

Land Rover yetu iliendelea kubeba mahindi kwa miaka kadhaa baada ya hapo. Krosi ya nyuma haikukatika tena.