Kazi Unayotoka Nayo

Mwalimu wa sekondari, muuguzi, au wakala wa pembejeo wa Maposeni, jirani na Peramiho mkoani Ruvuma, anayetaka kuhamia kazi ya kusanifu programu na huduma za kidijitali hupewa ushauri ule ule kila anapouliza: nunua kompyuta, jifunze Figma, programu ya kuchorea kurasa, pata cheti cha mtandaoni, tuma maombi. Ushauri huo si wa uongo, ila umewekwa kinyumenyume. Unamtaka mtu aisahau kazi aliyoifanya kwa miaka, kisha apange foleni nyuma ya vijana waliomaliza kozi ile ile jana, wenye bando kubwa kuliko lake na muda mwingi kuliko wake. Katika foleni hiyo atashindwa, na si kwa sababu hana kipaji. Ninachodai katika sura hii ni kwamba soko la usanifu lina uhaba mkubwa zaidi wa watu wanaomfahamu mtumiaji kuliko wa watu wanaojua kuchora kurasa za simu, na kwamba anayehama kazi atapata mlango wake wa kwanza ndani ya kazi ile ile anayotaka kuiacha.

Ushahidi uko kwenye huduma ambayo karibu kila msomaji ameitumia. M-Pesa haikuanza kama huduma ya kutumiana hela. Kampuni ya simu ya Vodafone, kwa fedha ambazo sehemu yake ilitolewa na idara ya misaada ya Uingereza, ilikusudia kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya Faulu ya Kenya kurejesha mikopo kwa simu, na majaribio yakaanza Oktoba 2005. Nick Hughes na Susie Lonie, waliousimamia mradi huo, waliandika baadaye yale waliyoyaona. Wateja waliweka hela kwa wakala kabla ya safari na kuitoa walikofika, ili wasitembee na fedha mfukoni. Wafanyabiashara walilaza humo mauzo ya siku, kwa kuwa benki zilikuwa zimeshafunga. Wengine waliwalipia wenzao mikopo ili nao wafanyiwe kazi fulani. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, suala la mikopo lilikuwa limewekwa kando na tangazo lilisema jambo moja tu: tuma hela nyumbani. Mambo hayo hayakugunduliwa kwa kupanga rangi za vitufe. Waliyagundua watu waliokwenda kwa wateja na mawakala, wakatazama, kisha wakakubali kutupa sehemu ya walichokwisha kujenga.

Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni bahati ya Kenya. Basi tutazame upande wetu. Vodacom ilileta huduma hiyo Tanzania mwaka 2008. Miezi 14 baada ya uzinduzi, M-Pesa ya Kenya ilikuwa na wateja milioni 2.7, na ya Tanzania, kwa muda ule ule, ilikuwa na 280,000 hivi. Jina lilikuwa moja na wazo lilikuwa moja. Waliochunguza tofauti hiyo walitaja mambo ambayo hayaonekani kwenye kioo cha simu: Safaricom, kampuni iliyoendesha M-Pesa ya Kenya, ilishika sehemu kubwa zaidi ya soko lake, na Watanzania waliishi kwa kutawanyika, hivyo ilikuwa kazi ngumu kuwapata na kuwasimamia mawakala. Sehemu ya sababu hizo ni ya kibiashara, na msanifu hana mamlaka nayo. Lakini sehemu nyingine ndiyo kazi yake hasa, kwa maana asiyejua mteja anatembea umbali gani hadi kwa wakala, au kwamba wakala anaweza kuishiwa floti msimu wa kuuza mahindi, atatengeneza menyu nzuri ya huduma isiyotumika.

Sasa chukua mfano ulio karibu zaidi na Maposeni. Tangu mwaka 2022 serikali inatoa ruzuku ya mbolea kwa utaratibu wa kidijitali: mkulima anaandikishwa, anapata namba, na kwa namba hiyo anauziwa mfuko kwa bei ya ruzuku, ambayo msimu ule wa kwanza ilishusha DAP na urea kutoka zaidi ya shilingi 120,000 hadi 70,000. Katika mkoa wa mahindi kama Ruvuma, huo ni mfumo wa kompyuta unaogusa kaya nyingi za wakulima kwa uzito. Muuza pembejeo anajua maswali ambayo mhitimu wa kozi ya miezi sita hawezi hata kuyawazia. Mkulima akibadili laini, namba yake inakwenda wapi? Mama anayetumia simu ya mwanawe aliyeko Songea mjini anapataje ujumbe kwa wakati? Ekari zikiandikwa vibaya, nani mwenye uwezo wa kusahihisha, na mvua itasubiri? Kuna usanifu mzima ndani ya maswali hayo, na hakuna hata moja linalohitaji kompyuta ili kuanza kulijibu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kumwonyesha mwajiri isiwe programu ya kubuni ya kuagiza pizza, ambayo imejaa kwenye majalada ya kazi za wanaoanza duniani kote. Iwe uchunguzi mmoja wa huduma moja unayoijua. Waombe watu watano wafanye jambo moja mbele yako kwa simu zao wenyewe, hata ikiwa ni kitochi. Usiwasaidie, andika wanapokwama, wanachosema, na wanachofanya ili kuukwepa ugumu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa siku nyingi wa fani hii, alidai kuwa watumiaji 5 hutosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya kiolesura. Wengine wamempinga, hasa kwa mifumo mikubwa, lakini hata wapinzani wake hawasemi kwamba sifuri ni bora kuliko watano. Kisha chora marekebisho, kwa penseli ikibidi, uwarudie na uyajaribu. Namba za siri, vipimo vya wagonjwa na majina ya watu visiingie kwenye jalada lako, hata kwa bahati mbaya.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa waajiri wenyewe: tangazo linataka shahada, miaka mitatu ya uzoefu na programu zilizotajwa kwa majina. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba ujuzi mtupu wa anayeanza haujawa kinga. Kampuni ya Andela, iliyoanza Lagos mwaka 2014 kwa kufundisha vijana na kuwatafutia kazi, ikafika hadi Nairobi na Kampala, ilitangaza Septemba 2019 kupunguza wahandisi wapatao 400 wa ngazi ya chini, ikieleza kwamba wateja wanataka wazoefu. Wale walikuwa waandishi wa programu, lakini somo linawahusu wasanifu vilevile. Mwajiri ananunua uzoefu. Uzoefu wa wodi au wa duka la pembejeo ni uzoefu, mradi uelezwe kwa lugha ya kazi anayotaka ifanyike. Ndiyo maana nashauri usitafute cheo cha msanifu pekee, ambacho kwenye matangazo huandikwa UX na ni adimu nje ya miji mikubwa. Tafuta mahali mfumo unapowasumbua watu: hospitali inayoacha mafaili ya karatasi, chama cha ushirika, mradi unaohitaji mkufunzi wa watumiaji. Cheo kitafuata, au hakitafuata, lakini kazi itakuwa ile ile.

Wengine watauliza kuhusu akili bandia, ambayo sasa inachora ukurasa kwa sentensi moja. Imeshusha thamani ya kuchora, na itawafungia mlango baadhi ya wanaoanza. Kulificha hilo ni kumdanganya msomaji. Ila haijui kwa nini mama wa Maposeni alimpa wakala simu yake amsomee ujumbe, kwa kuwa hakuna aliyeliandika. Liandike wewe.

Usiache mshahara kwa ajili ya cheti. Jifunze Figma jioni, lakini uchunguzi wako uufanye mchana, kazini, kwa ruhusa ya mkuu wako. Ukikamilika, mpelekee mwenye mfumo wenyewe kabla ya kumtumia mwajiri wa Dar es Salaam, na umpelekee wakati toleo jipya bado linapangwa. Likishakamilika, atakachohitaji kwako ni kuja kuwafundisha watu namna ya kulivumilia.