Mpaka wa Keroka na Nafasi ya Mtoto Katika Sekondari Pevu

Mji wa Keroka umekaa juu ya mpaka. Upande mmoja ni Masaba Kaskazini, Kaunti ya Nyamira. Upande wa pili ni Masaba Kusini, Kaunti ya Kisii. Ni rahisi mzazi kulala Nyamira na kufanya biashara Kisii. Ndiyo maana wengi huuliza: mtoto wangu anahesabiwa wa wapi, na mpaka ukisongezwa, atapoteza shule nzuri?

Tuanze na zile zenye majina makubwa. Kisii School na Nyabururu upande wa Kisii, Nyambaria na Sironga upande wa Nyamira, zilipandishwa kuwa shule za kitaifa. Katika mpango mpya zimo kwenye kundi la C1, linalopokea wanafunzi kutoka kote nchini. Hapo mpaka haumzuii mtu.

Kwa shule nyingine mpaka unahusika, lakini si kama wengi wanavyohofia. Katika uteuzi wa kwanza wa Gredi ya 10, mwaka wa 2025, kila mwanafunzi alichagua shule 12. Tisa zilikuwa za bweni: tatu za kaunti yake na sita za nje. Basi mtoto wa Nyamira anayetaka shule ya bweni ya Kisii anaiweka kati ya zile sita. Mlango haujafungwa.

Ugumu uko kwenye zile tatu zilizobaki, za kutwa, ambazo huchaguliwa katika kaunti ndogo ya mwanafunzi. Kwa familia ya Keroka, shule ya kutwa iliyo karibu zaidi inaweza kuwa ng'ambo ya barabara na bado iwe ya kaunti nyingine. Mzazi athibitishe mapema kwa mwalimu mkuu mtoto ameandikishwa kaunti ndogo gani, kabla ya fomu kujazwa.

Kuhusu kusongeza mpaka, hilo haliamuliwi na gavana wala na bunge la kaunti. Kifungu cha 188 cha Katiba kinataka pendekezo la tume huru iliyoundwa na Bunge, kisha thuluthi mbili ya wabunge wa Bunge la Kitaifa na thuluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti.

Wapo wanaonung'unika kwamba "shule zetu zimejaa wageni". Katika miaka ya 1980 serikali ilitenga asilimia 85 ya nafasi za shule nyingi kwa wenyeji. Matokeo yake, vijana wengi walimaliza kidato cha nne bila kuketi dawati moja na mtu wa kabila lingine. Tena mlango ukifungiwa wa nje hapa, wetu nao watafungiwa kwingine.

Jina la shule nalo lisimfumbe mzazi macho. Sasa kuna mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Shule maarufu isiyofundisha masomo anayoyataka mtoto haimfai, hata kama babake alisoma hapo.

Serikali ya kaunti haigawi nafasi hizi. Kazi hiyo ni ya Wizara ya Elimu. Kaunti inashughulikia chekechea na vyuo vya ufundi. Anayeomba basari ya kaunti aandike wadi anakoishi, si wadi iliko shule.