Injini ya boti kutoka pwani: Kagua Nyamirambo kabla ya kuifikisha Kivu

Na Mwandishi Wetu

NYAMIRAMBO si mtaa wa boti. Hapa ni mlimani, na ziwa la karibu lenye usafiri mkubwa ni Kivu, safari ya saa kadhaa kwa basi kutoka Nyabugogo. Hata hivyo mtaa huu, pamoja na jirani yake Biryogo, umejulikana kwa miaka mingi kwa biashara, udereva na ufundi wa magari, na hapa Kiswahili husikika barazani na dukani. Ndiyo maana mfanyabiashara anayeleta mashine ya boti kutoka Dar es Salaam au Mombasa, akielekea Rubavu, Karongi au Rusizi, hana budi kutua hapa kwanza na kuikagua kabla ya kuipandisha tena garini.

Mashine zinazozungumzwa katika makala haya ni zile kuukuu za kupachika nyuma ya boti, zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili. Maarufu zaidi katika maziwa yetu ni Yamaha Enduro, hasa za nguvu za farasi 15, 25 na 40. Zinapendwa kwa sababu hazina mambo mengi, na fundi mwenye spana chache anaweza kuzifungua ufukweni. Kwa mtu aliyerudi nyumbani na akiba yake ya miaka mingi, mashine moja ya namna hii yaweza kuwa mtaji wake wote.

Hewa ya mlimani

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuamini jaribio lililofanyika pwani. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi. Injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 inazopanda. Kwa hesabu hiyo, mashine ya farasi 40 ikifika Kivu hubaki na farasi 34 hivi.

Tena, kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani humwaga petroli nyingi kuliko hewa inayopatikana. Matokeo yake ni moshi mwingi, plagi (au buji, kama wasemavyo mafundi wa hapa) kuwa nyeusi kwa masizi, na mafuta kuisha haraka. Mwenye boti huambiwa kwamba injini imekufa, hali dawa yake ni kubadilisha jeti ya kabureta kwa yenye tundu dogo zaidi. Pangaboi nalo libadilishwe kwa lenye mkato mdogo, ili injini ifikie mzunguko wake bila kulemewa.

Kwa bahati nzuri, Nyamirambo nayo iko juu, kwenye takriban mita 1,500. Mashine ikiwashwa hapa ndani ya pipa la maji, hewa inayovuta ni karibu sawa na itakayokutana nayo Kivu. Jaribio la hapa linaaminika kuliko la Dar.

Mambo ya kukagua

Pipa liwe mahali pa wazi, maji yafunike tundu za kuvutia maji, na pangaboi liondolewe kwanza. Usikanyage mafuta kwa nguvu. Mwendo wa chini unatosha.

Kwanza, tazama maji ya kupoza. Mara injini inapowaka, uzi wa maji utoke kwa nguvu kwenye tundu lake. Ukiwa hafifu, huenda impela ya mpira imechakaa au njia za maji zimezibwa na chumvi ya bahari. Impela ni spea ya bei ndogo, lakini ikiachwa, joto huunguza pistoni na silinda.

Pili, legeza skrubu ya chini ya sanduku la gia. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia kupitia sili iliyochoka. Usiahirishe kuibadilisha.

Tatu, pima mgandamizo wa kila silinda. Tofauti kati ya silinda ikizidi asilimia 10, ringi au pistoni zina walakini, na bei lazima ishuke au uachane na mashine hiyo.

Nne, toa plagi. Rangi ya kahawia ni njema. Nyeusi na yenye unyevu ni dalili ya petroli au oili kupita kiasi. Nyeupe iliyoungua ni joto kali au petroli pungufu.

Tano, soma jina la mtengenezaji. Chapa ya Johnson ilikoma mwaka 2007, na Evinrude ikaacha kutengenezwa mwaka 2020. Mashine hizo zaweza kuwa imara, lakini uliza kwanza spea zitatoka wapi.

Oili si ya kukisia

Injini za aina hii hazina oili yake pembeni. Hulainishwa na ile iliyo ndani ya petroli. Nyingi hutaka sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, yaani mililita 400 kwa lita 20. Baadhi ya zile za zamani zaidi hutaka 25 kwa 1, yaani mililita 800. Fuata kitabu cha mashine yenyewe, na tumia oili ya injini za boti, si ya gari. Anayepunguza oili ili abane matumizi hununua pistoni mpya baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Iwapo injini inazimika baada ya dakika chache, usikimbilie kuifungua. Tazama kwanza kama kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi kimefunguliwa, kisha chujio, kisha kama petroli ina maji.

Forodha na uhai

Mpakani kuna jambo linalowakwaza wengi. Injini iliyotengenezwa Japani haiwi bidhaa ya Afrika Mashariki kwa sababu tu imenunuliwa Dar es Salaam. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa, cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa za ndani ya jumuiya. Beba risiti, na hakikisha namba ya injini haijafutwa.

La mwisho ni kubwa kuliko fedha. Oktoba 3, 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, na watu wengi wakapoteza maisha. Ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Mwenye mashine iliyopoteza farasi sita kwa sababu ya mwinuko, akapakia mzigo wa farasi 40, anakaribisha balaa kama hilo. Injini ikizima katikati ya mawimbi, boti hugeuka ubavu na maji huingia.

Kwa hiyo punguza mzigo, vaa jaketi la kuokolea, beba makasia, plagi za akiba na spana ya kuzifungulia. Vitu hivyo vyote huingia katika mfuko mmoja, isipokuwa makasia, na ndiyo usiyasahau.