Chemshabongo Pekee Haimfanyi Mtu Fundi

Jumamosi moja, kijana niliyemfundisha zamani katika shule ya upili alinijia hapa Makadara akiwa na furaha isiyofichika. Alifungua simu yake akanionyesha matokeo ya chemshabongo aliyoifanya mtandaoni kuhusu JavaScript, lugha ya programu inayozipa kurasa za intaneti uwezo wa kutenda. Maswali yalikuwa 25, naye alikuwa ameyajibu yote barabara. Nilimpongeza kwa dhati, maana tangu amalize Kidato cha Nne hakuwa amepata kazi ya maana, na bando alilojifunzia alilinunua kwa senti za kuchangachanga.

Wiki mbili baadaye alirejea amenywea. Mama mmoja auzaye viatu vya mitumba kando ya Barabara ya Jogoo alikuwa amempa kibarua cha kumtengenezea ukurasa wa kupokea oda. Mteja wa kwanza alichagua viatu vya shilingi 200, akaongeza ada ya kupelekewa mzigo, shilingi 50. Ukurasa ukamdai shilingi 20050! Mteja alicheka akaenda zake. Mama hakucheka, alisema hatalipa hata ndururu mpaka hesabu ikae sawa.

"Mwalimu," kijana aliniuliza, "mimi nilipata alama zote. Mbona kazi imenishinda?"

Swali hilo limenikaa moyoni, nami naamini si lake peke yake. Ni swali la maelfu ya vijana wetu wa Eastlands ambao wanajifunza uundaji wa kurasa za mtandao bila darasa wala mwalimu, wakitegemea simu na subira yao. Ni swali letu sisi walimu pia.

Kwanza tuitazame hitilafu yenyewe. Chochote anachokiandika mteja katika kisanduku cha ukurasa, JavaScript hukipokea kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu. Ukiiamuru ijumlishe maandishi mawili, haifanyi hesabu. Huyaunganisha mwisho kwa mwanzo, kama mabehewa yanavyofungwa pamoja pale stesheni. Ndiyo maana 200 na 50 zikawa 20050. Dawa yake ni kuyageuza maandishi yawe namba kabla ya kujumlisha. La kustaajabisha ni kwamba jambo hilo hasa lilikuwamo katika ile chemshabongo, na kijana wangu alilipata. Alilijua, lakini hakulitambua lilipomjia na sura nyingine.

Sisemi kwamba chemshabongo ni upuuzi. La hasha! Mwaka 2006 wataalamu wawili wa saikolojia nchini Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi waliosoma makala mara kwa mara na wale waliosoma kisha wakajipima. Dakika chache baadaye, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokuwa wamehifadhi mengi. Kwa hiyo anayejiuliza maswali hujifunza kuliko anayepitisha macho tu juu ya kurasa. Hilo kila mwalimu na alizingatie.

Hata hivyo, chemshabongo ina mpaka wake. Humletea mwanafunzi swali lililokwisha kuchambuliwa, pamoja na majibu manne yaliyopangwa vizuri, moja likiwa la kweli. Kazi haimletei mtu swali. Humletea mama mwenye hasira na tarakimu ya ajabu, kisha humwachia mwenyewe atafute swali ni lipi. Ufundi wa kulitafuta swali haupimwi kwa alama. Aghalabu mtu huupata miongoni mwa watu.

Wazee wetu walilielewa jambo hili. Katika kutegeana vitendawili, aliyeshindwa hakupewa sufuri akaachwa apotelee mbali. Aliombwa mji, akautoa, akaelezwa jibu mbele ya wote, na kesho yake akawa yeye ndiye mtegaji. Fumbo na baraza vilikwenda pamoja. Leo vijana wengi wamelichukua fumbo wakaliacha baraza. Kila mmoja amejiinamia na simu yake akihesabu alama, hana wa kumwuliza wala wa kumweleza.

Mabaraza hayo yapo mtandaoni, tena milango yake i wazi. Mojawapo ya yale maarufu ni Stack Overflow, lililoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky. Mtu huuliza, wengine hujibu, na wasomaji huyapigia kura majibu yaliyo bora. Lina adabu yake: anayeuliza hutakiwa kueleza alichotaka, kilichotokea badala yake, na alichojaribu, kisha aonyeshe kipande kidogo kabisa cha msimbo kinachoweza kuonyesha kosa lile lile.

Kijana wangu hakuijua adabu hiyo. Alikuwa ameingia katika baraza moja akaandika kwamba ukurasa wake haufanyi kazi, akabandika mistari mia tatu ya msimbo, akaomba msaada. Aliyemjibu alimtaka aupunguze kwanza. Aliona ametukanwa, akajitoa.

"Hujatukanwa, kijana wangu," nilimwambia. "Umepewa kazi ya darasani. Ifanye."

Tuliketi tukaanza kupunguza. Tuliondoa picha za viatu, makosa yakabaki. Tuliondoa rangi na mapambo, makosa yakabaki. Tuliondoa orodha ya bidhaa, yakabaki vile vile. Mwishowe tulibakiwa na mistari minne: bei, ada, jumla, na amri ya kuionyesha jumla hiyo. Akaitazama. Nami nikanyamaza, ingawa ulimi uliniwasha. Ghafla akajipiga paji la uso. "Mwalimu, hizi si namba! Ni maandishi!" Swali alilokuwa akiliandaa hakulituma kamwe, kwa kuwa kuliandaa vizuri kulimpa jibu.

Wapo watakaodhani kwamba mabaraza haya ni ya wageni, nasi Wakenya ni watazamaji tu. Historia yetu yawasuta. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwanasheria Ory Okolloh alitoa rai mtandaoni mapema Januari 2008, akitaka wenye ujuzi wa tarakilishi wasaidie kuunda ramani ya kuonyesha mahali maovu yalipokuwa yakitendeka. Walioitikia, miongoni mwao David Kobia, Juliana Rotich na Erik Hersman, hawakuwa wameketi katika chumba kimoja, wala Kobia hakuwa nchini, alikuwa Marekani. Katika muda wa siku chache mfumo wa Ushahidi ukawa umesimama, na mwaka 2010 ukatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Mwaka huo huo, Hersman alianzisha iHub hapa Nairobi, ukumbi wa mafundi wa programu kukutana ana kwa ana. Waama, yote hayo yalianza na swali lililoulizwa vizuri mbele ya watu.

Pana jambo jingine linalolifanya suala hili kuwa la dharura. Tangu ChatGPT ilipozinduliwa Novemba 2022, kijana anaweza kuiuliza mashine badala ya watu, ikamjibu mara moja bila kumkemea. Mimi sipingi chombo hicho. Lakini mwezi uliofuata tu, Stack Overflow lilipiga marufuku majibu yaliyotungwa na mashine hiyo, kwa sababu mengi yalikuwa na sura ya usahihi ilhali yalikuwa na makosa. Ni nani basi atakayelibaini jibu la uongo lililovalia kanzu nyeupe? Ni yule tu aliyezoea kulipunguza tatizo mpaka mistari minne, akajionea mwenyewe. Asiyejua kuuliza watu hatajua kuiuliza mashine.

Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini, KICD, iliidhinisha silabasi ya uandishi wa programu kwa shule za msingi na za upili. Hiyo ni hatua njema. Hofu yangu ni kwamba tutaifundisha kama tulivyozoea kufundisha mengi: mwalimu aeleze, mwanafunzi akariri, mtihani uje, alama zitangazwe, mambo yaishe. Tukifanya hivyo tutafuga washindi wa chemshabongo watakaoaibishwa na oda ya kwanza ya viatu.

Napendekeza mambo matatu, wala hayahitaji fedha nyingi. La kwanza, mwanafunzi afanye chemshabongo, lakini kwa kila jibu alilolipata atunge mfano wake wa mahali ambapo kosa hilo laweza kumtokea kazini. La pili, katika chama cha tarakilishi cha shule, asisaidiwe mtu kabla hajaeleza alichotaka, alichopata na alichojaribu, kwa Kiswahili au Kiingereza fasaha. La tatu, kila aliyesaidiwa na yeye amsaidie mwingine, kwa kuwa anayeeleza ndiye anayegundua alichokuwa hajakielewa.

Pa kuanzia hapakosekani. Hapa Makadara tuna Maktaba ya Eastlands, na jirani zetu wa Kaloleni wana yao, zote mbili zikiwa matawi ya Maktaba ya McMillan. Meza moja, vijana watano na kipakatalishi kimoja vyatosha kuwa baraza.

Yule mama alilipa. Hazikuwa pesa nyingi, ila ndizo za kwanza kijana huyo kuzipata kwa ufundi wake. Majuzi alinionyesha simu yake tena. Nilidhani ni alama nyingine. Kumbe alikuwa amemjibu mgeni fulani mtandaoni ambaye ukurasa wake ulikuwa ukijumlisha 15 na 5 ukapata 155. Mstari wa kwanza wa jibu lake ulikuwa wa upole: alimtaka kwanza aupunguze msimbo wake.