Mbita: Daraja lililofungulia ziwa njia

MGENI anayefika Mbita kwa mara ya kwanza, katika Kaunti ya Homa Bay, anaweza kulivuka daraja la kuelekea kisiwa cha Rusinga pasipo kutambua kwamba amepita mahali pa kihistoria. Halina minara wala nakshi, na si refu. Bodaboda hulipita kwa muda mfupi, abiria akiwa ameelekeza macho kwenye vilima vya kisiwani.

Hata hivyo, mahali hapa pamebeba kisa cha zaidi ya miaka 30: jinsi binadamu alivyokiunganisha kisiwa na bara, akauziba mkondo wa ziwa, kisha akalazimika kurudi kuufungua.

Katika nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, wapo watu wanaosafiri mwendo mrefu kwenda kutazama madaraja ya kale yaliyoezekwa paa. Mojawapo ya yale mashuhuri zaidi ni Kapellbrücke, daraja la mbao lililojengwa katika karne ya 14 mjini Luzern, nchini Uswisi. Sehemu yake kubwa iliteketea kwa moto mnamo Agosti 1993, nalo likajengwa upya na kufunguliwa mwaka uliofuata.

Paa la madaraja hayo halikuwekwa kwa ajili ya urembo. Mbao zinazonyeshewa kila msimu huoza upesi, lakini zikifunikwa zinaweza kudumu kwa karne kadhaa. Mafundi wa kale walijua kwamba adui mkubwa wa daraja la mbao ni maji yanayotoka juu, wakalijengea kinga.

Ufuo wa Ziwa Victoria upande wa Kenya haujulikani kwa madaraja ya namna hiyo. Lakini Mbita inatoa somo la upande wa pili: maji yapitayo chini ya njia nayo yana haki yake, na wajenzi wakiyasahau gharama huja baadaye.

TUTA BADALA YA DARAJA

Kisiwa cha Rusinga kimetenganishwa na bara na mkondo mwembamba wa maji. Kwa vizazi vingi wakazi wake, ambao wengi ni wa jamii ya Abasuba, walivuka kwa mitumbwi na mashua. Mgonjwa, mwanafunzi na mchuuzi wa samaki wote walitegemea hali ya upepo na hiari ya mwenye chombo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali iliamua kuumaliza usumbufu huo. Badala ya kujenga daraja, mawe na udongo vilimwagwa majini hadi pakapatikana tuta la kupitisha barabara kutoka Mbita hadi kisiwani.

Yafaa tofauti kati ya vitu hivyo viwili ieleweke. Daraja husimama juu ya nguzo na kuyaachia maji nafasi ya kupita. Tuta hukaa juu ya sakafu ya ziwa na kuyazuia, isipokuwa limewekewa kalvati za kutosha. Mara nyingi tuta huwa nafuu kwa mjenzi, kwa kuwa halihitaji nguzo ndefu wala mihimili mizito. Mahali penye maji ya kina kifupi, kishawishi cha kulichagua huwa kikubwa.

Kwa wakazi wa Rusinga, tuta lilikuwa neema. Magari yalifika kisiwani, samaki wakafika sokoni wangali wabichi, na safari ya hospitalini haikungoja tena mawimbi yatulie. Aliyewahi kusubiri mtumbwi usiku akiwa na mgonjwa mikononi hawezi kulaumiwa kwa kuishangilia barabara hiyo.

Wahenga husema maji hufuata mkondo. Pale Mbita, mkondo wenyewe ndio uliozibwa.

GHUBA YENYE MILANGO MIWILI

Ili kufahamu uzito wa jambo hilo, sharti msomaji aitazame ramani. Mji wa Kisumu haukabili ziwa kuu moja kwa moja. Umekaa kwenye pembe ya ndani ya Ghuba ya Winam, ambayo zamani iliitwa Ghuba ya Kavirondo. Ghuba hiyo ni ya kina kifupi mno ikilinganishwa na ziwa kuu, ambalo mahali penye kina kirefu zaidi hufikia takribani mita 80.

Ghuba ya Winam ilikuwa na milango miwili ya kutokea ziwani. Mlango mkubwa ni mkondo wa Rusinga, ulio kati ya kisiwa hicho na rasi ya Uyoma upande wa kaskazini. Mlango mdogo ulikuwa mkondo wa Mbita, upande wa kusini. Tuta lilipokamilika, ghuba ilisalia na mlango mmoja.

Nyumba yenye madirisha mawili yanayotazamana hupitisha hewa kwa urahisi. Ukiliziba moja, hewa haikatiki kabisa, lakini pembe iliyo karibu na dirisha lililozibwa huanza kuwa na uvundo. Ndivyo ilivyo kwa maji. Upepo wa ziwa, ambao aghalabu huvuma kuelekea nchi kavu mchana na kugeuka usiku, huyasukuma maji ya ghuba huku na huko. Yakikuta ukuta, husimama.

Isitoshe, Ghuba ya Winam hupokea mzigo mzito kutoka nchi kavu. Mito Nyando, Sondu-Miriu, Kibos na mingineyo huteremka kutoka nyanda za juu ikiwa imebeba udongo uliomomonyoka na mbolea iliyosombwa mashambani. Kijito cha Kisat, kinachopita katika eneo la viwanda la Kisumu, huongeza uchafu wa mji. Naitrojeni na fosforasi zilizomo katika mzigo huo ni chakula cha mwani na magugu ya majini.

Ndipo likaja gugu maji. Mmea huo, ambao asili yake ni Amerika Kusini, ulianza kuonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuenea upande wa Kenya katika miaka ya 1990. Kufikia mwaka wa 1998, ulikuwa umefunika takribani hekta 17,000 za maji ya Kenya, sehemu kubwa ikiwa ndani ya Ghuba ya Winam. Meli zilikwama, wavuvi wakashindwa kutoka ufuoni, na bandari ya Kisumu ikafanana na malisho ya ng'ombe.

Fukusi walioachiliwa majini kuanzia mwaka wa 1997 wautafune mmea huo, pamoja na misukosuko ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, vilisaidia kuupunguza. Hata hivyo haukutokomea, na hadi leo hurejea mara kwa mara.

Itakuwa si haki kudai kwamba tuta la Mbita ndilo lililolileta gugu hilo. Mmea huo ulienea pia katika sehemu za Uganda na Tanzania ambako hakukuwa na tuta. Lakini gugu maji huelea, na kinachoelea hupelekwa na upepo hadi mahali pasipo na njia ya kutokea. Wavuvi na wakazi wa pande zote mbili za tuta walilalamika kwa miaka mingi kuhusu maji yaliyotuama na magugu yaliyorundikana.

KUUFUNGUA MKONDO

Malalamiko hayo, pamoja na ushauri wa wataalamu wa mazingira, hatimaye yalizaa matunda katika miaka ya 2010. Daraja la kisasa lilijengwa, tuta likakatwa, na maji yakaanza kupita tena kati ya Mbita na Rusinga.

Mbita haiko peke yake katika kisa hiki. Mjini Mombasa, tuta la Makupa lililounganisha kisiwa na bara lilikuwa limezuia maji ya bahari kupita kati ya hori ya Tudor na ile ya Port Reitz tangu enzi za ukoloni. Daraja la Makupa lilizinduliwa mwaka wa 2022, na bahari ikafunguliwa njia.

Katika ziwa hili hili, Tanzania ilipotaka kuivuka Ghuba ya Mwanza kati ya Kigongo na Busisi, iliamua tangu mwanzo kusimamisha nguzo. Daraja hilo la takribani kilomita tatu, linaloitwa kwa jina la marehemu Rais John Magufuli, lilifunguliwa mnamo Juni 2025. Maji na vyombo vya uvuvi hupita chini yake.

Tofauti ya nyakati nayo yafaa kukumbukwa. Tuta la Mbita lilipojengwa, Kenya haikuwa na sheria pana ya mazingira iliyodai mradi wa aina hiyo ukaguliwe kwanza kuhusu athari zake. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka wa 1999, nayo ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA.

Pamoja na hayo yote, daraja jipya si dawa ya kila ugonjwa. Mkondo wa Rusinga, ulio mpana zaidi, ndio unaobeba sehemu kubwa ya maji yanayobadilishana kati ya ghuba na ziwa kuu. Kuufungua mkondo wa Mbita kunaleta nafuu hasa kwa maeneo ya jirani. Udongo, mbolea na maji taka vinavyoingia upande wa Kisumu na Nyando havikomi kuingia kwa sababu mlango wa mbali umefunguliwa.

Na hilo linamgusa hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga Mbita. Kisumu huvuta sehemu ya maji yake ya kunywa kutoka ghuba hiyo hiyo, karibu na ufuo wa Dunga. Kadiri maji yanavyojaa mwani na udongo, ndivyo gharama ya kuyasafisha inavyopanda.

JINSI YA KUFIKA

Msafiri anayetoka Kisumu ana njia mbili. Ya kwanza ni barabara inayozunguka ghuba upande wa kusini, kupitia Ahero, Katito, Kendu Bay na mji wa Homa Bay hadi Mbita. Ya pili ni kuelekea upande wa Bondo, kukunja kona Ndori na kushuka hadi Luanda Kotieno, kisha kupanda feri ya kwenda Mbita. Kwa anayetaka kuuelewa mdomo wa ghuba, njia ya feri ndiyo inayofaa zaidi, kwani chombo huukata mkondo na kumwonyesha abiria ziwa kuu upande mmoja na ghuba upande wa pili.

Akifika darajani, asiharakishe kuvuka. Asimame kando, pasipo kuwazuia wapitao, atazame maji ya pande zote mbili: rangi yake, mwendo wake, na magugu yanayoelea. Arudi jioni alinganishe na aliyoyaona asubuhi, maana upepo hugeuka. Giza likiingia, taa za wavuvi wa omena huonekana ziwani mfano wa mji unaoelea.

Ng'ambo ya daraja kuna mengi ya kutazama. Rusinga ndiko alikozikwa Tom Mboya, waziri aliyeuawa kwa kupigwa risasi jijini Nairobi mnamo Julai 5, 1969. Kaburi lake limejengewa jumba ambalo umbo lake hufananishwa na risasi. Ni kisiwani humo pia ambako Mary Leakey aligundua, mwaka wa 1948, fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya masokwe aliyeishi takribani miaka milioni 18 iliyopita.

Upande wa bara, pale Mbita, kuna kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, shirika lililoanzishwa na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo mwaka wa 1970. Kituo hicho kimechangia kukuza kilimo cha sukuma-vuta. Mimea ya desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi ili kumfukuza kiwavi mtoboa shina na kulidhibiti gugu la kayongo, huku nyasi za napia zikipandwa pembezoni kumvuta mdudu huyo aliache shamba.

Kilimo hicho kina uhusiano na daraja kuliko inavyodhaniwa. Shamba lililofunikwa na mimea hushikilia udongo wake mvua inaponyesha, na udongo usiosombwa hauifikii ghuba. Mkondo wa Mbita umekwisha kufunguliwa. Kazi iliyosalia iko juu zaidi, kwenye kingo za Nyando na Sondu-Miriu, na katika mabomba ya maji taka ya Kisumu.