Umbali wa Kikombe Kimoja

Alfajiri katika mwalo wa Katonga, kando ya Ziwa Tanganyika, taa zilizometa majini usiku kucha huzimwa moja baada ya nyingine. Mitumbwi inarudi na dagaa, wakati mwingine na migebuka, na wanawake wenye beseni tayari wako majini hadi magotini wakipatana bei. Jua linapochomoza nyuma ya vilima vya Kigoma, sehemu kubwa ya biashara imeshafanyika. Hapa watu wanajuana. Wanajua mtoto wa nani aliacha shule, nani hakwenda ziwani wiki hii, na nani siku hizi analala nje ya nyumba ya mama yake.

Tuseme mwenyekiti wa mtaa ameitisha mkutano wa ajenda moja: inapendekezwa jengo fulani karibu na mwalo liwe kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini. Yatakayosemwa yanaweza kuandikwa hata kabla watu hawajakaa. Mama mmoja atauliza kuhusu mabinti zake wanaopita njia hiyo kwenda madrasa. Mwenye duka atauliza ni nani atakayemlipa mlango ukivunjwa. Kisha mzee mmoja atasimama taratibu, atatoa salamu, na atasema hakuna mwenye chuki na wagonjwa. Watibiwe, Mungu awaponye. Ila si hapa.

Mkutano huo ni wa kufikirika, lakini maneno yake yana historia ndefu. Yamesemwa katika miji mingi duniani, na katika kisiwa kimoja cha Bahari ya Hindi yaliwahi kugeuza sera ya nchi nzima.

Kisiwa hicho ni Mauritius. Mwaka 2005, asilimia 92 ya maambukizi mapya ya VVU yaliyogunduliwa huko yalikuwa miongoni mwa watu wanaojidunga dawa za kulevya. Serikali ilianza kutoa methadoni mwaka 2006, pamoja na sindano safi, na ndani ya miaka kumi kiwango hicho kikashuka hadi karibu theluthi moja. Zaidi ya watu 5,000 walikuwa wakinywa dawa, idadi kubwa kwa nchi yenye watu wasiofika hata milioni moja na nusu. Wengi waliipata katika vituo vya afya vya mitaani mwao. Hapo ndipo malalamiko yalipozidi: foleni za asubuhi, vijana wanaobaki vibarazani baada ya kunywa, kelele, hofu ya wizi. Mwaka 2015 serikali mpya ilisikia kilio cha wakazi. Ugawaji ukahamishiwa kwenye vituo vya polisi, saa za alfajiri, na wagonjwa wapya wakaacha kuandikishwa kwenye methadoni. Uandikishaji ulirudi mwaka 2017.

Mtu anayejitahidi kuacha unga, yaani heroini, ambaye labda alishawahi kupigwa na kufungwa kwa ajili ya unga huohuo, akaambiwa dawa yake iko kwa askari. Wakazi walipata utulivu waliouomba barazani. Gharama yake ikawaangukia watu ambao hawakuwa na sauti mkutanoni.

Ili kuelewa kwa nini mahali pa kliniki ni jambo zito kiasi hicho, inabidi kuelewa dawa yenyewe. Heroini hufanya kazi mwilini kwa saa chache tu. Ikiisha, teja anashikwa na arosto: mwili unauma, tumbo linakoroga, pua zinatiririka, jasho na baridi kwa pamoja, usingizi hakuna. Asiyewahi kuiona arosto hudhani teja anatafuta starehe. Baada ya miezi ya mwanzo starehe hiyo huwa imekwisha zamani. Kinachomtoa nyumbani alfajiri ni maumivu. Anahitaji kete nyingine, kisha nyingine, mara tatu au nne kwa siku, na kila kete ina bei. Nondo zinazopotea kwenye nyumba inayojengwa, simu zinazokwapuliwa na sufuria za mama zinazouzwa vyuma chakavu mara nyingi huanzia hapo.

Methadoni hukaa mwilini kwa saa 24 na zaidi. Ni dawa ya maji, hunywewa kwenye kikombe kidogo mbele ya muuguzi, mara moja kwa siku. Haimlevyi mgonjwa akishapata kipimo chake sahihi. Humwondolea arosto, na pamoja nayo zile mbio za kutafuta kete. Wanasayansi wa Kijerumani ndio walioitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha katika miaka ya 1960 madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York wakaonyesha kwamba inaweza kumrudisha mraibu kazini na nyumbani. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Lakini kikombe hicho ni cha kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mgonjwa akikosa siku kadhaa mfululizo, mwili unaanza kusahau kipimo alichokizoea, na hawezi kurudishiwa kilekile kwa usalama. Analazimika kuanza chini na kupanda upya. Kwa mgonjwa wa methadoni, basi, nauli ni sehemu ya matibabu. Mkutano unaoisogeza kliniki upande wa pili wa mji umeigusa tiba yenyewe, hata kama hakuna aliyekusudia hivyo.

Tanzania inalijua hili kwa uzoefu wake. Hadi miaka ya 1990, heroini iliyopatikana Dar es Salaam ilikuwa ya kahawia, na wengi waliivuta, mara nyingi ikichanganywa na bangi katika sigara waliyoiita kokteli. Kuelekea miaka ya 2000 ikaingia heroini nyeupe, inayoyeyuka kwa urahisi kwenye maji, na sindano zikaanza. Majahazi yanayotoka pwani ya Makran, Iran na Pakistan, yaliifanya pwani ya Afrika Mashariki kuwa mlango wa mzigo unaoelekea Ulaya na kusini mwa Afrika, na sehemu ya mzigo huo ilibaki njiani. Matokeo yakaonekana hospitalini. Wakati kiwango cha VVU kwa watu wazima nchini kilikuwa karibu asilimia 5, tafiti za Dar es Salaam zilikuta takriban theluthi moja ya wanaojidunga wanaishi na virusi, na kwa wanawake hali ilikuwa mbaya zaidi.

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ikafungua kliniki ya kwanza ya methadoni Tanzania Bara. Ilikuwa hatua ya ujasiri, kwa sababu nchi nyingi za bara hili zilikuwa bado zinajadili kama jambo hilo linaruhusika. Na ilifunguliwa ndani ya uzio wa hospitali kubwa, uamuzi ambao ulikuwa na hekima yake: anayepita geti la Muhimbili anaweza kuwa anakwenda kusafisha jino, kumwona mzazi au kunywa methadoni. Hakuna jirani anayehesabu.

Tatizo likawa lilelile la umbali. Mkazi wa Mbagala alilazimika kuvuka jiji kila asubuhi, daladala kwa daladala, kwa ajili ya kikombe cha dakika moja, akiwa hana kazi wala nauli. Mwananyamala ikafunguliwa mwaka 2012, Temeke mwaka 2014. Zanzibar ikaanza mwaka 2015 katika Hospitali ya Kidongo Chekundu, mjini Unguja, ambako tayari nyumba za upataji nafuu zilikuwa zimewazoesha watu kuona walioacha unga wakiwa wanasali, wanafanya kazi na wanawasaidia wenzao. Baadaye huduma ikafika Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga na kwingineko. Kila kliniki mpya ilipunguza safari ya mtu fulani.

Je, hofu ya wakazi ina msingi? Swali hili limepimwa, na majibu yake yanastahili kusomwa kwa sauti katika mikutano ya mitaa. Baltimore, Marekani, ni mji uliozoea heroini kwa vizazi na wenye kliniki nyingi za methadoni katikati ya makazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walichora miduara kuzunguka kliniki hizo na kuhesabu uhalifu uliofika polisi, mita kwa mita, wakilinganisha na hospitali, nyumba za kawaida na maduka ya bidhaa ndogondogo. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2012, uhalifu haukuongezeka kadiri mtu alivyosogea karibu na kliniki. Uliongezeka karibu na maduka. Mwaka 2016 watafiti wengine wa mji huohuo waliangalia uhalifu wa kutumia nguvu na wakakuta matukio kuzunguka vituo vya tiba ni machache kuliko kuzunguka maduka madogo ya mtaani.

Baltimore si Kigoma, na mtu anayesema hivyo mkutanoni atakuwa sahihi. Hata hivyo matokeo hayo yanaendana na jinsi dawa inavyofanya kazi: aliyekwisha kunywa kikombe hana arosto ya kumtuma kuiba. Teja wa kuogopwa zaidi ni yule ambaye hajapata kliniki, na huyo tayari yuko mtaani. Hatatoka mji mwingine kwa sababu ya kibao kilichopigwa misumari mlangoni.

Liko jambo moja ambalo wakazi huliona vizuri kuliko watafiti. Foleni ipo. Watu mia wakifika asubuhi mahali palipokuwa kimya, mtaa unabadilika. Baada ya kunywa, wasio na kazi hukaa, kijiwe kinazaliwa, na pusha anayejua mahali pa kupata wateja anaweza kusogea. Mama wa mabinti wa madrasa haoti ndoto za mchana anapoliuliza hili. Anayemjibu kwamba ana unyanyapaa amekosa adabu na pia amekosa hoja, kwa sababu mambo hayo yanatibika kwa mipango: kivuli na mabenchi ndani ya uzio badala ya kibarazani kwa watu, saa za kugawa dawa zisizogongana na saa za watoto, mlinzi anayejulikana kwa jina, namba ya simu ya msimamizi iliyobandikwa kwa mtendaji wa mtaa, na mkutano wa kila baada ya muda ambamo lalamiko linajibiwa na mtu mwenye mamlaka ya kubadili kitu. Mradi usio na mambo haya unastahili kupingwa hadi uyapate.

Pwani ya Kenya ililipata somo hilo kwa njia ngumu. Mwaka 2012 serikali ilipotangaza mpango wa kugawa sindano safi kwa wanaojidunga, viongozi wa dini wa pwani waliupinga vikali. Waliona unahalalisha kilichoharamishwa. Ilibidi kukaa nao, kuwapeleka maskani, kuwaonyesha hesabu za magonjwa, na kusikiliza walichokuwa nacho cha kusema kuhusu vijana wa misikiti yao wenyewe. Kliniki za methadoni zilipofika Kenya, ya kwanza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi mwanzoni mwa 2015, mazungumzo hayo yalikuwa yameshaanza. Kilichochelewesha mambo ni kwamba yalianza baada ya tangazo, wakati heshima ilidai yaanze kabla.

Na huo ndio wasiwasi wa haki ambao mzee wa Katonga angekuwa nao hata kama hausemi: kuitwa mkutanoni ili aarifiwe, wakati ramani imeshapigwa muhuri. Mikoa ya pembezoni inaijua hali hiyo. Mei 2015, Warundi waliokimbilia kijiji cha Kagunga walipoletwa Kigoma kwa meli ya MV Liemba na kupokelewa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, huku kipindupindu kikiua watu, mji ulijikuta jirani wa wagonjwa bila kuulizwa. Dharura ile haikuwa na muda wa kuuliza. Kliniki inao.

Wakiulizwa mapema, watu wa mwaloni wangekuwa na mengi ya kuwafundisha wapangaji. Uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku na ya giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki na wavuvi wanapumzika. Kuna pia miezi ya ziwa kufungwa, kama kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, shughuli za uvuvi ziliposimamishwa ili samaki wazaliane, na mwalo mzima ukakosa mzunguko wa fedha. Ratiba ya dawa iliyoandikwa kwa mtu wa ofisini, saa tatu hadi saa sita mchana, haimjui mtu wa namna hii. Wala nauli ya kila siku haiwezekani kwa mtu ambaye kipato chake kinafuata mwezi.

Mvuvi anayerudi saa kumi na mbili asubuhi ana muda wa kuuza, kuosha nyavu na kutembea hadi kliniki iliyo mtaani kwake kabla hajalala. Kliniki ikiwa ng'ambo ya mji, atalala kwanza. Akiamka, dirisha la dawa limefungwa, arosto imeanza, na huko ziwani taa zinawashwa tena.