Matairi yanayohimili pancha: kwa nini safari huwa ngumu zaidi, na mambo ya kuzingatia kabla ya kuyabadili

Baadhi ya wananchi wanaonunua magari madogo yaliyotumika, yakiwemo yanayoingia nchini kutoka Japani kupitia Bandari ya Dar es Salaam, hubaini baada ya kukabidhiwa gari kwamba halina tairi la akiba wala jeki. Mara nyingi vifaa hivyo havikupotea njiani. Huenda gari lilitoka kiwandani bila hivyo kwa sababu lilifungwa matairi yanayohimili pancha, ambayo wauzaji wengi huyaita ranflati.

Jambo la pili wanalobaini ni kwamba gari hilo hutikisa abiria kuliko walivyotarajia, hasa linapopita kwenye matuta, viraka vya lami na mashimo. Wapo wanaoamua kuyaondoa matairi hayo na kufunga ya kawaida ili kupata ulaini. Uamuzi huo unaruhusiwa kiufundi katika magari mengi, lakini unagusa usalama wa abiria. Kwa sababu hiyo, mwenye gari anapaswa kufahamu anachopata na anachoacha.

Upepo ndio springi ya kwanza

Katika tairi la kawaida, sehemu kubwa ya uzito wa gari hubebwa na upepo uliomo ndani. Ubavu wa tairi, yaani sehemu iliyo kati ya kashata na rimu, huwa mwembamba na hupinda kwa urahisi. Tairi linapokanyaga jiwe au ukingo wa shimo, ubavu hujikunja kidogo, upepo hubonyea, na sehemu ya mshtuko huishia hapo kabla haijafika kwenye springi na shokapu. Kwa maana hiyo, tairi ni springi ya kwanza ya gari.

Upepo ukiisha, ubavu huo mwembamba hauwezi kubeba gari. Hulala, husagwa kati ya rimu na barabara, na tairi linaweza kuharibika kabisa ndani ya umbali mfupi.

Tairi linalohimili pancha limetengenezwa kuzuia hali hiyo. Mbavu zake zimeongezwa tabaka nene la mpira mgumu unaostahimili joto, ili ziweze kubeba gari hata pale upepo unapokwisha. Aina nyingi zimeundwa kumwezesha dereva kuendelea na safari kwa takribani kilomita 80, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, ingawa kila mtengenezaji hutoa masharti yake kulingana na gari na mzigo.

Gharama ya uwezo huo ni ugumu. Mbavu zilizoimarishwa hazilegei tairi linapojaa upepo. Zinabaki ngumu muda wote, hata katika siku zote ambazo hakuna pancha. Aidha, matairi haya huwa mazito kuliko ya kawaida ya ukubwa uleule. Uzito huo uko chini ya springi, hivyo shokapu hulazimika kufanya kazi zaidi kulituliza gurudumu kila linaporuka.

Tofauti husikika wapi

Tofauti ya ulaini haisikiki kwa kiwango kilekile kila mahali. Kwenye lami nzuri na iliyonyooka, abiria wengi hawawezi kuitambua. Kwenye mabonde mapana ya barabara, ambako gari hupanda na kushuka taratibu, kazi kubwa hufanywa na springi na shokapu, hivyo tofauti huwa ndogo.

Tofauti huwa kubwa pale mshtuko unapokuwa mfupi na mkali: viungo vya madaraja, matuta madogo yaliyopangwa mfululizo, kingo za mashimo na mawe ya barabara za changarawe. Hapo ubavu mgumu hupeleka mshtuko moja kwa moja kwenye rimu, na kutoka hapo kwenye bodi ya gari. Abiria husikia kishindo na kuhisi mtikisiko kwenye viti na usukani.

Ukubwa wa rimu huongeza au kupunguza tatizo. Gari lenye rimu kubwa na tairi lenye ubavu mfupi huwa na nafasi ndogo ya kumeza mshtuko, hata kama tairi ni la kawaida. Ubavu huo mfupi ukiwa pia umeimarishwa, safari huwa ngumu maradufu, na rimu za aloi zinaweza kupinda au kupata nyufa zinapogonga shimo kwa kasi.

Teknolojia imebadilika

Matairi haya si mapya. Nchini Marekani, gari la Chevrolet Corvette la mwaka 1997 liliuzwa likiwa na matairi ya aina hiyo na bila tairi la akiba. Barani Ulaya, kampuni ya BMW iliyasambaza kwa upana katika miaka ya 2000, na magari yake ya wakati huo yalikosolewa na wachambuzi wengi wa magari kwa ugumu wa safari.

Tangu wakati huo watengenezaji wamepunguza pengo hilo. Baadhi waliweka mapezi madogo kwenye ubavu ili kupooza joto linalozalishwa tairi linapotembea bila upepo. Kwa kuwa joto ndilo adui mkubwa wa tairi katika hali hiyo, kulidhibiti kuliwezesha ubavu kupunguzwa ugumu. Watengenezaji wa magari nao walianza kurekebisha springi, shokapu na bushi ili ziendane na matairi hayo tangu gari linaposanifiwa.

Hivyo, gari la miaka ya karibuni linaweza kuwa laini kuliko la zamani hata kama yote mawili yanatumia matairi yanayohimili pancha. Vilevile, gari lenye shokapu zilizochoka litatikisa abiria kwa tairi la aina yoyote. Ni vyema fundi akague shokapu na bushi kabla ya lawama zote kuelekezwa kwenye matairi.

Kinachopatikana badala ya ulaini

Faida kubwa ya matairi haya huonekana tairi linapopoteza upepo ghafla gari likiwa kwenye mwendo. Ubavu ulioimarishwa husaidia tairi kubaki kwenye rimu na dereva kulimudu gari. Pia dereva halazimiki kusimama kwenye kona, juu ya daraja au gizani pembezoni mwa barabara kuu ili kubadili tairi huku malori na mabasi yakipita.

Hata hivyo, faida hiyo ina mipaka. Umbali wa kutoka Morogoro hadi Dodoma ni takribani kilomita 260. Dereva anayepata pancha katikati ya safari hiyo anaweza kufika kwenye mji wa karibu, lakini hawezi kuwa na hakika ya kupata huko tairi la ukubwa wake. Tairi la aina hii likishatembea bila upepo, watengenezaji wengi hushauri lisizibwe, kwa kuwa uharibifu wa ndani ya ubavu hauonekani kwa nje.

Jambo jingine la lazima ni taa ya tahadhari ya upepo kwenye dashibodi. Tairi hili likiisha upepo huonekana karibu sawa na lililojaa, hivyo dereva anaweza kuendelea kwa mwendo mkubwa bila kujua hadi tairi lipasuke. Gari ambalo mfumo huo umeharibika halipaswi kutegemea matairi haya hadi litengenezwe.

Kabla ya kubadili

Mwenye gari anashauriwa kwanza kuthibitisha aina ya tairi alilonalo. Alama huandikwa ubavuni na hutofautiana kwa kampuni: RFT kwa Bridgestone, ZP kwa Michelin, SSR kwa Continental, ROF au EMT kwa Goodyear, na DSST kwa Dunlop. Baadhi ya matairi huwa na herufi RF katikati ya namba za ukubwa.

Anayeamua kuhamia matairi ya kawaida azingatie mambo yafuatayo:

- Abadili yote manne kwa pamoja. Kuchanganya aina mbili hufanya gari lijibu usukani na breki kwa namna isiyotabirika.
- Ukubwa, uwezo wa kubeba mzigo na kiwango cha mwendo kilichoandikwa kwenye tairi visishuke chini ya vile vilivyoelekezwa na mtengenezaji wa gari.
- Anunue tairi la akiba, jeki na spana ya magurudumu. Gari likikosa nafasi ya tairi la akiba, awe na pampu ya upepo na kimiminika cha kuzibia pancha, akijua kwamba havisaidii ubavu uliochanika.
- Asome kitabu cha gari, kwa kuwa baadhi ya magari yamesanifiwa kwa matairi yanayohimili pancha pekee.

Anayeamua kubaki nayo ahakikishe yanafungwa kwa mashine inayofaa. Ubavu mgumu ukilazimishwa kwa vyuma vya mkono, ukingo wa tairi unaokaa kwenye rimu unaweza kukatika.

Kwa makundi yote mawili, kupunguza upepo ili kupata ulaini ni hatari. Tairi lenye upepo pungufu hupata joto, huchakaa kingo zake na huongeza matumizi ya mafuta. Kiwango sahihi huandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari, na hupimwa tairi likiwa limepoa.

Kwa mkazi wa mjini anayetembea kwenye lami na kurudi nyumbani usiku, mtikisiko kidogo unaweza kuwa bei ndogo ya kutosimama gizani. Kwa anayesafiri mara kwa mara kwenye changarawe, mbali na maduka ya matairi, matairi ya kawaida pamoja na tairi la akiba lililojaa upepo yanaweza kumfaa zaidi. Gari lisilopaswa kuingia barabarani ni lile lililoondolewa ranflati likabaki bila tairi la akiba.